Barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya mahekalu ya Sri Lanka: wapeni wachoraji wa leo kuta mpya

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Akiolojia ya Sri Lanka,
Kwa wasimamizi wa Mfuko Mkuu wa Utamaduni,
Kwa Waheshimiwa Mahanayake, wakuu wa matawi ya watawa ya Malwatta na Asgiriya, na watawa wakuu wa mahekalu yote yenye michoro ya kale,

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Nawaandikia kuhusu kuta za mahekalu yenu, na kuhusu rangi ya kopo.

Kila mwaka mwezi mpevu wa Mei unapokaribia, waumini wenu hujiandaa kwa Vesak, sikukuu kuu ya Kibudha, na hekalu nalo huandaliwa. Ua hufagiwa, taa hutundikwa, kuta za nje hupakwa upya zikawa nyeupe pe. Ni desturi njema. Shida huanza pale fundi rangi anapoingizwa ndani, kwenye chumba cha sanamu, akaegemeza ngazi na kuanza kupaka nyuso zilizochorwa na watu waliofariki zamani sana. Kazi ikiisha, Buddha anang'aa, mfadhili amefurahi, jina lake limeandikwa chini ya picha. Kilichokuwapo hakionekani tena.

Ombi langu ni hili. Kuta za kale ziacheni mikononi mwa wahifadhi, zisiguswe na mtu mwingine yeyote. Na wakati huohuo, ndani ya mahekalu hayohayo, wapeni wachoraji wenu wa leo kuta mpya wazichore kwa jina lao na kwa wakati wao. Nayaomba yote mawili pamoja, kwa sababu naamini la kwanza peke yake haliwezi kudumu. Mtu mwenye hamu ya kutoa atatafuta mahali pa kutolea, na asipoonyeshwa ukuta mtupu atauendea ule uliojaa.

Mtauliza inamhusu nini mtu wa Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa uchoraji. Hapa kwetu Upanga kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliofika enzi za Waingereza, na uani kuna mti wa Bodhi, wa aina ile ambayo Buddha alipata nuru chini yake, ambao mche wake ulitoka kwenu. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu wachore majani yake, na mazungumzo ya siku ile yakageuka kuwa maswali kuhusu picha za Sri Lanka. Maswali hayo yalinifikisha Kandy, Dambulla na pwani yenu ya kusini. Tangu hapo sijaacha kuyafikiria niliyoyaona huko.

Nianze na pango la Degaldoruwa, karibu na Kandy, kwa kuwa ndiko nilikoelewa jinsi wachoraji wenu wa zamani walivyofikiri. Ukutani, hadithi ya Vessantara imepangwa kwa kanda ndefu za mlalo juu ya msingi mwekundu. Vessantara ni Buddha katika maisha yake ya awali, yule mwana wa mfalme aliyetoa kila alichoombwa: tembo wake, farasi wake, gari lake, hatimaye watoto wake na mkewe. Mchoraji hakukata hadithi vipande akavitia kwenye fremu. Mtu yuleyule anaonekana hapa akiombwa, hatua mbili mbele akitoa, hatua tatu mbele akiwa amebaki mikono mitupu, na kinachotenganisha saa moja na nyingine ni mti tu, au mlango wa nyumba. Hakuna kivuli hata kimoja. Hakuna kitu kinachodidimia kwa mbali. Kila jambo liko mbele kabisa, sawa na jicho lako, na penye uwazi ambao mkono mwingine ungeuacha, yeye amedondosha maua. Huwezi kuisoma hadithi ile umesimama. Inabidi utembee nayo, na ukifika mwisho wa ukuta umeshatembea safari ya Vessantara kwa miguu yako mwenyewe. Nimefundisha utunzi wa picha kwa muda mrefu na sijaona somo bora kuliko ukuta ule.

Kazi hiyo ya karne ya 18 inatajwa kwa jina la Silvatenna wa Devaragampola, mtu wa dini na mchoraji, katika kipindi ambacho Mfalme Kirti Sri Rajasinha, aliyetawala 1747 hadi 1782, aliiinua upya dini ya Buddha kisiwani. Upadirisho wa watawa ulirudishwa kutoka Siam, Thailand ya leo, mwaka 1753, na mahekalu yakachorwa moja baada ya jingine: Degaldoruwa, Ridi Vihara, Medawala, na mapango ya Dambulla, ambako michoro imefunika takribani mita za mraba 2,100 za mwamba. UNESCO iliitambua Dambulla mwaka 1991. Hiyo ni sehemu ambayo dunia inaijua. Mimi nina wasiwasi zaidi na mahekalu ambayo basi la watalii halisimami.

Sasa nirudi kwenye kopo, na nisieleweke vibaya. Siidharau rangi ya kopo. Edward Saidi Tingatinga alichora ndege na chui wake hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya dukani juu ya bodi za ujenzi, na hadi leo familia nyingi zinakula kwa mtindo ule. Bodi inaipokea rangi ile vizuri. Ukuta wenu wa kale hauwezi kuipokea. Ukuta ule ni udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga au nyuzi, ukasawazishwa, ukapakwa tabaka jembamba la udongo mweupe wa makulu. Unavuta unyevu msimu wa mvua na kuutoa msimu wa jua. Ukiufunika kwa ngozi ya mafuta isiyopitisha hewa, maji yanabaki nyuma yake, chumvi inajikusanya, na siku moja ngozi ile inabanduka. Inapobanduka haiondoki peke yake.

Katika hekalu moja la kusini, ambalo sitalitaja kwa kuwa mtawa wake alinipokea kwa upole mkubwa, nilionyeshwa kipande kilichoanguka kutoka ukutani, ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele kilikuwa na buluu ya anga, inayong'aa, imepakwa kwa brashi pana. Nilipokigeuza, nyuma yake palikuwa na nyusi moja, jicho refu lililopindwa kwa mstari mmoja mwekundu usiotetemeka, na kipande cha ua. Mchoro wa kale ulikuwa umegandia mgongoni mwa rangi mpya ukang'oka nayo. Ukutani, mahali kilipotoka, ulibaki udongo mtupu. Mtawa aliniambia kuwa familia iliyofadhili ukarabati ule ilitoa kwa moyo safi, kwa ajili ya marehemu wao. Namwamini. Ndiyo sababu barua hii haimlaumu mfadhili wala fundi.

Oktoba 1967 watu wasiojulikana walipanda mwamba wa kale wa Sigiriya usiku wakazimwagia rangi ya kijani zile picha za wanawake za karne ya 5. Nchi nzima ilishtuka, na mtaalamu kutoka Italia, Luciano Maranzi, akaja kusaidia kuzisafisha. Nawapongeza kwa jinsi mlivyochukua hatua siku zile. Lakini rangi ya kijani iliyomwagwa kwa chuki na rangi ya buluu iliyopakwa kwa ibada zinaufanyia udongo jambo lilelile. Ya kwanza iliitiwa wataalamu. Ya pili huzinduliwa kwa ngoma na maua.

Najua jibu mtakalonipa, hasa ninyi watawa, na ni jibu zito. Mtasema kwamba hekalu ni mahali pa ibada, haliwezi kugeuzwa makumbusho. Kwamba muumini anayepiga magoti anahitaji kuuona uso wa Buddha, na uso uliomomonyoka nusu unamhuzunisha. Kwamba wazee wenu wenyewe walipaka juu ya kazi za wazee wao. Hili la mwisho ni kweli kabisa. Huko Dambulla kwenyewe, mapango yalikuwa mahali pa ibada tangu karne kadhaa kabla ya Kristo, na mafundi wa Kirti Sri Rajasinha hawakukuta mwamba mtupu.

Ila angalieni nani alikuwa anapaka. Karne ya 18, mkono uliofunika picha ya zamani ulikuwa mkono wa sittaru, mchoraji wa ukoo, aliyefundishwa na baba yake tangu utoto jinsi ya kuuvuta mstari wa nyusi kwa pumzi moja. Ukoo wa Nilagama umeitumikia Dambulla kwa vizazi. Mtu wa namna hiyo akifunika ukuta, anaweka ukuta mwingine wa hadhi ileile, na ujuzi hauondoki nyumbani. Leo anayefunika mara nyingi ni fundi mwenye kipaji lakini asiye na mwalimu, na mfano anaoufuata ni picha ya kuchapishwa, yenye mawingu, mapazia na vivuli, iliyotokana na zile chapa za mchoraji M. Sarlis zilizoenea majumbani mwanzoni mwa karne ya 20. Sarlis alikuwa hodari na watu walimpenda; sina neno naye. Ila picha ya kalenda ikishakuwa mwalimu pekee, kuta zote za kisiwa zitafanana.

Kwa hiyo naona hatari mbili zinatembea pamoja. Ukuta unafunikwa, na wakati huohuo mkono uliojua kuuchora unakosa kazi. Uhifadhi unashughulikia hatari ya kwanza tu. Mkiufunga kila ukuta wa kale kwa kamba na kibao cha onyo, mtaokoa rangi, lakini baada ya kizazi kimoja hakutakuwa na mtu anayejua rangi ile ilipikwaje.

Na kupika kwake ni elimu. Nyeusi ilitokana na masizi: vitambaa vya pamba vilivyolowekwa kwenye mafuta ya kekuna na utomvu wa mfenesi vinachomwa, moshi unanaswa ndani ya chungu kilichofunikwa, kisha masizi yanakwanguliwa. Njano ni utomvu wa mti wa gokatu. Nyekundu ni sadilingam, madini mekundu, iliyosagwa hadi ikawa laini kama unga wa wanja. Gundi ya kuzishikisha ni ulimbo wa mti wa divul, na mwisho mafuta ya mti wa dorana yanapakwa juu kulinda kazi. Brashi za mistari myembamba zilitengenezwa kwa nyasi ya teli tana, na zile nene kwa mizizi ya hewani ya mkadi iliyopondwa ncha. Mwanahistoria wa sanaa Ananda Coomaraswamy aliyaandika mengi ya haya mwaka 1908, akihofia kwamba hayatadumu. Maandishi yapo. Lakini hakuna aliyewahi kujifunza uzito wa ulimbo kwa kusoma. Unaujua kwa kuuvuta kati ya vidole viwili.

Nataka sasa nizungumzie wachoraji wa kisasa, maana najua katika ofisi nyingi wakitajwa, watu wanaona hatari ya tatu. Wanawaza mtu ataingia hekaluni na kuchora mambo yasiyoeleweka. Historia yenu wenyewe inawajibu.

Huko Kelaniya, mchoraji Solias Mendis alichora ukumbi mpya wa hekalu katika miaka ya 1930 na 1940. Kabla ya kugusa ukuta alipelekwa India akatazame michoro ya kale kwa macho yake. Aliporudi hakuiga Kandy wala hakuiga mapango ya Ajanta ya India. Alichora historia ya dini ya kisiwa, mtawa Sanghamitta akifika na mche wa Bodhi, binti Hemamala na mumewe wakilileta Jino Takatifu la Buddha, kwa rangi za udongo tulivu na mistari mirefu ya upole. Hakuna mtu leo anayeingia pale akasema hii si picha ya hekalu. Miaka ya 1939 na 1940, huko Borella, George Keyt alichora Gotami Vihara akiwa mtu aliyeshaionja sanaa mpya ya Ulaya, na mistari yake mizito, macho makubwa na miili iliyokunjwa kwa pembe inaonyesha hivyo waziwazi. Hekalu halikupoteza waumini kwa sababu hiyo. Kuta hizo mbili zilichorwa katika kipindi kimoja, ndani ya eneo moja la Colombo na viunga vyake, na hazifanani hata kidogo. Zote mbili ni za Kibudha, zote mbili ni za Sri Lanka, na zote mbili zilipatikana kwa sababu mtu alitoa ukuta mpya na kumwamini mchoraji aliye hai.

Hata wale tunaowaita wa kale walikuwa wa kisasa siku zao. Nendeni Kathaluwa, karibu na Galle, mkatazame kuta za karne ya 19: ndani ya hadithi za maisha ya kale ya Buddha kuna mavazi ya Kizungu, kofia, viti na ala za muziki ambazo mchoraji alikuwa akiziona nje ya mlango wake chini ya utawala wa Waingereza. Hakuona kosa. Hadithi ilikuwa ya milele, watu waliokuja kuisikiliza walikuwa wa mwaka ule.

Kisha kuna L. T. P. Manjusri, ambaye natamani jina lake lingejulikana Afrika Mashariki. Alikuwa mtawa. Alizunguka kisiwa miaka na miaka akinakili michoro ya mahekalu kwa mkono, ukanda kwa ukanda, mengine katika vijiji ambavyo hakuna mtaalamu aliyewahi kufika. Baadhi ya alivyonakili vilishafunikwa au kubomoka, na nakala yake ndiyo shahidi. Huyuhuyu alikuwa mmoja wa wachoraji wa Kundi la '43, lililoanzishwa Colombo mwaka 1943, na picha zake binafsi ni za ndoto na maumbo ya ajabu, za kisasa kupita kiasi. Kunakili hakukumfunga. Mkono uliokaa saa nyingi na mstari wa Kandy ndio uliomwezesha kuchora chochote alichotaka. Na katika kizazi cha sasa mnaye Jagath Weerasinghe, msanii wa kisasa ambaye kazi zake zimebeba uchungu wa miaka ya vita, na ambaye papo hapo ni mwanaakiolojia na mhifadhi wa michoro ya ukutani. Mnapotafuta mfano wa mtu anayeshika kisu cha mhifadhi kwa mkono mmoja na brashi ya leo kwa mkono mwingine, hamhitaji kwenda mbali.

Nisemeje basi kwa vitendo. Idara ya Akiolojia, nawaomba mtoe katazo lililo wazi la kupaka juu ya mchoro wowote wa zamani ndani ya hekalu, hata kama ni wa karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria yenu ya mambo ya kale ya 1940 ilipoandikwa iliweka mpaka tarehe 2 Machi 1815, siku ambayo Ufalme wa Kandy ulikabidhiwa kwa Waingereza. Naelewa mantiki ya tarehe ile. Lakini kuta nyingi nzuri za pwani ya kusini zilichorwa baada yake, na fikra kwamba cha kabla ya 1815 ni cha thamani na cha baadaye ni cha kawaida bado iko vichwani mwa watu, hata pale karatasi zinaposema vingine. Kuta hizi ndizo zinazofunikwa haraka kuliko zote.

Mahekalu madogo ya tampita, yale yaliyojengwa juu ya nguzo fupi za mawe kwa fito na udongo, yanahitaji uangalizi wa pekee. Paa likivuja msimu mmoja, ukuta umekwisha. Mara nyingi suluhisho linaloletwa ni matofali na lipu ya saruji, na saruji inafungia unyevu vilevile kama rangi ya mafuta. Fundi wa paa aliyelipwa vizuri anaokoa michoro mingi kuliko mhifadhi aliyekuja kwa kuchelewa. Hili ni jambo la bajeti ndogo na nashangaa linasubiri nini.

Watawa wakuu, ninyi ndio wenye ufunguo halisi. Mfadhili anakuja kwenu kwanza. Akija na fedha ya kupaka chumba cha sanamu, mwonyesheni ukuta mwingine. Kila hekalu lina jengo linaloendelea: ukumbi wa mahubiri, ukumbi wa kulia chakula cha sadaka, na zaidi ya yote madarasa ya daham pasala, shule ya dini, ambako watoto wenu huketi kila Jumapili na nguo zao nyeupe. Nimeyaona madarasa hayo. Kuta zake zina mabango ya karatasi yaliyokunjamana kwa joto. Hebu fikirini darasa moja ambalo ukuta wake mrefu una Vessantara mpya, amechorwa na msanii wa umri wa miaka thelathini aliyenakili Degaldoruwa mpaka akauelewa, kisha akaachiwa achore watu wa leo: mama wa pwani aliyepoteza nyumba kwenye tsunami ya 2004 akigawa wali, askari aliyerudi kijijini baada ya vita kuisha mwaka 2009, mfanyakazi anayeaga uwanja wa ndege kwenda Ghuba. Mtoto atatembea na ukanda huo kila Jumapili kwa miaka yote ya utoto wake. Mfadhili atapata thawabu yake, na jina lake litaandikwa chini ya picha kama ilivyo desturi, juu ya ukuta ambao haukumfuta mtu mwingine.

Maudhui hamtayapoteza. Mtawa akae na mchoraji tangu siku ya kwanza. Hadithi ni ya mtawa, mpangilio ni wa mchoraji, na wakibishana kuhusu mkono wa Buddha uwe katika ishara gani, mtawa ndiye mwenye neno la mwisho. Hivyo ndivyo kazi hizi zilivyofanyika siku zote.

Mfuko Mkuu wa Utamaduni, mmekuwepo tangu 1980 na mna mafundi, wahifadhi na maghala. Nawaomba muwaweke watu watatu chini ya paa moja: mzee wa ukoo wa sittaru, mhifadhi, na msanii kijana aliyehitimu chuo cha sanaa cha Colombo. Leo wanakutana kwa nadra. Mzee anapaka masanduku na vitambaa vya kuuzia watalii, kwa sababu ndiko kwenye fedha. Mhifadhi yuko juu ya jukwaa na sindano ya gundi, anajua kila ufa wa ukuta lakini kazi yake inamkataza kuongeza hata nukta moja. Kijana yuko kwenye maonyesho mjini, ana mawazo tele na hajawahi kuandaa udongo wa makulu. Kila mmoja ana theluthi ya ujuzi ambao Silvatenna alikuwa nao peke yake.

Waanze kwa kunakili. Nakala za ukubwa kamili, kwa vifaa vya asili, mbele ya ukuta wenyewe. Mchoraji D. A. L. Perera alinakili picha za Sigiriya miaka ya 1890 akiwa amening'inia kwenye jukwaa juu ya mwamba, na nakala zile zilipelekwa makumbusho ya Colombo. Kazi ya namna ile haijapoteza maana kwa kuwa sasa kuna kamera. Kamera inaonyesha mstari umepita wapi. Anayenakili anagundua ulianzia wapi, kasi ilipungua wapi, brashi ilichovywa tena wapi. Nakala zikikamilika zina faida ya pili: zinaweza kutundikwa ndani ya hekalu pale ambapo uso wa kale umefifia mno kwa ibada, ili muumini apate sura ya kuitazama na ukuta uachwe upumzike. Hilo linajibu, kwa sehemu kubwa, lile jibu zito la watawa nililolitaja juu.

Na pandeni miti. Divul inaliwa matunda yake kila nyumba, kekuna na gokatu ni miti ya misitu yenu, mfenesi uko kila ua. Hekalu lenye shamba linaweza kuwa na rangi yake na gundi yake ndani ya miaka michache, bila kumuomba mtu. Sijui mzigo mwepesi kuliko huu.

Gharama? Ukuta mpya wa darasa si mradi mkubwa. Fedha iko tayari, inaingia kila Vesak na kila msimu wa katina, wakati wa kuwapa watawa mavazi, inatolewa na watu wenyewe kwa hiari. Kinachokosekana ni mtu wa kuielekeza, na uhakika kwa mfadhili kwamba ukuta mpya una heshima sawa na chumba cha sanamu. Uhakika huo hauwezi kutoka kwangu wala kwa msanii. Unatoka kinywani mwa mtawa mkuu siku ya mahubiri.

Ndiyo maana naomba jambo la haraka kabla ya hayo yote. Tangazo la ukurasa mmoja, lililosainiwa na Idara na kuungwa mkono na Mahanayake wote wawili, lisomwe katika kila hekalu: asipake mtu juu ya picha ya kale, na mwenye nia ya kutoa aende kwa mtawa wake aonyeshwe ukuta mpya. Litoke mapema, mwezi wa Machi, kabla makopo ya rangi ya Vesak hayajanunuliwa. Wanafunzi wangu na mimi tuko tayari kuja kusaga sadilingam na kubeba ngazi, mkituhitaji.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa uchoraji, Dar es Salaam